Kufunga Taa ya Nyuma ya Baiskeli Isidondoke: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaosimama kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Busia, upande wa Uganda: wabeba mkaa, wauza maziwa, walimu, wanafunzi, na vijana wanaotoka Tororo na Bugiri wakiwa na taa mkononi badala ya kuwa nayo kwenye baiskeli. Mji huu wa mpakani ni miongoni mwa mahali bodaboda za baiskeli zilikoanzia, na jina la bodaboda lilitoka kwenye safari za kuvusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baiskeli bado zipo, malori yameongezeka, na maswali yanarudi yale yale.

Nimeanza na ya msingi, ya nadra nimeyaweka mwisho. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, sikutaka kurudia.

## Ya msingi

Baiskeli yangu ina rifleta nyekundu. Taa ya nini tena?

Rifleta haina mwanga wake. Ina vijipembe vidogo ndani ya plastiki vinavyorudisha mwanga wa gari kule ulikotoka. Gari lisipokumulika, rifleta haipo. Ikipakwa vumbi la barabara nyekundu, haipo. Madigadi ikipinda rifleta ikatazama chini, haipo.

Fanya hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linamaliza mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kukuona, kushtuka na kukanyaga breki, ameshapita mita 33 na gari halijaanza kupunguza mwendo. Kusimama kwenyewe kunataka mita nyingine zaidi ya 30 kwenye lami kavu, na kwa lori lililopakia ni nyingi zaidi. Ukimsubiri akuone kwa rifleta tu, unamwachia nafasi ndogo mno. Taa inayowaka yenyewe anaiona akiwa mbali, hata kabla mwanga wake haujakufikia.

Ila rifleta usiing'oe. Betri ikifa katikati ya safari, hiyo ndiyo itakayobaki.

Niwashe saa ngapi?

Hapa tulipo karibu na mstari wa ikweta, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, wa Kasese, magharibi mwa nchi, wakiongezewa robo saa hivi kuliko sisi wa Busia. Machweo yetu ni mafupi: unaona vizuri, kisha ghafla huoni. Washa saa kumi na mbili na robo, ukiwa bado unaona barabara. Watu husubiri mpaka wao wenyewe washindwe kuona njia, lakini taa ya nyuma si ya kukuonyesha wewe njia. Ni ya mtu aliye nyuma yako, na yeye ametoka kutazama anga lenye mwanga wa magharibi.

Rangi ipi?

Nyekundu nyuma, nyeupe mbele. Ukiweka nyeupe nyuma, dereva anadhani unakuja kumkabili. Zile za kijani na buluu zinazouzwa kama mapambo zifunge kwenye spoki ukitaka, lakini zisichukue nafasi ya nyekundu.

Nifunge mahali gani hasa?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu. Taa nyingi zinazoletwa kutoka nje zimeundwa kufungwa kwenye bomba la siti, chini kidogo ya siti. Kwa mtu anayeendesha baiskeli tupu, mahali hapo ni pazuri. Lakini nani hapa anaendesha baiskeli tupu? Nyuma ya siti kuna keria, na juu ya keria kuna gunia, mtungi, mkungu wa ndizi au mtu. Taa iliyo kwenye bomba la siti inalimulika gunia usiku kucha.

Kwa hiyo tazama kwanza unabeba nini, kisha uchague. Anayebeba mzigo kila siku afunge kwenye ncha ya nyuma kabisa ya keria. Hapo huwa sentimita 75 hadi 80 kutoka ardhini kwa baiskeli zetu za chuma za tairi la inchi 28, na mzigo uliofungwa vizuri haufiki chini ya keria katikati. Anayebeba mifuko miwili ya pembeni tu anaweza pia kutumia madigadi. Asiye na keria, bomba la siti. Wanaobeba mizigo inayoshuka mpaka chini ya keria wana shida yao, na nimewajibu kwenye sehemu ya mzigo na abiria.

Kuna urefu maalumu kutoka ardhini?

Kanuni za Uingereza zinataka taa ya nyuma ya baiskeli iwe kati ya milimita 350 na 1,500 kutoka ardhini, na naona ni kipimo kizuri kukifuata hata huku. Chini ya hapo inakula matope na nyasi zinaificha. Juu ya hapo dereva haihusishi na baiskeli. Ifunge katikati, au upande wa kulia kidogo, kwa sababu tunaendesha kushoto na magari yanakupita kulia.

## Kufunga kwenyewe

Nikija kwa fundi, au nikifanya mwenyewe, nitahitaji nini?

Spana namba 8 na namba 10, bisibisi, bolti mbili za milimita 5 na nati zake, washa bapa (vile visahani vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati), kipande cha tyubu kuukuu, na kitambaa cha kufuta grisi. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani. Zinauzwa kwenye maduka ya vipuri vya pikipiki na ndizo zitakazokuokoa.

Taa yangu ilikuja na mkanda wa mpira. Hautoshi?

Kwenye lami nzuri, kwa wiki chache, unatosha. Kwetu hautoshi.

Nilijifunza hivi. Nilikuwa narudi kutoka Bugiri usiku, taa mpya nimeifunga kwa mkanda wake wa mpira, nami najisikia salama. Karibu na nyumbani lori lilinipita huku breki zikilia, mkia wa trela ukanipulizia vumbi usoni. Niliposimama na kugeuka, taa haikuwapo. Mkanda ulikuwa umekatika pale penye tundu, na sijui nilikwenda kilomita ngapi gizani nikiamini ninaonekana. Hilo ndilo baya la taa ya nyuma: ikidondoka, mwenyewe huoni. Ya mbele ikizima unajua papo hapo.

Mpira unachakaa kwa jua. Unaanza kupauka, kisha mistari midogo inatokea kwenye kunjo, kisha siku moja unaachia. Ukilazimika kuutumia, uvute kila wiki uone mistari hiyo, na uongeze kamba ya akiba: kipande cha uzi mgumu kilichopitishwa kwenye klipu ya taa na kufungwa kwenye fremu. Mkanda ukikatika, taa itaning'inia badala ya kupotea. Kamba iwe fupi isifike kwenye spoki.

Nifunge vipi kwenye keria?

Tazama ncha ya nyuma ya keria yako. Keria nyingine zina kibati chenye matundu mawili yaliyoachana milimita 50 au 80. Hivyo ni vipimo vya taa za keria, na ukipata taa yenye bolti za nafasi hiyo, kazi imekwisha nusu. Pitisha bolti, weka washa bapa kila upande, kaza nati ya nailoni mpaka taa isicheze kwa kidole gumba, kisha ongeza robo mzunguko. Usizidishe: mgongo wa plastiki unapasuka ukiukaza kama unakaza ekseli.

Keria zetu nyingi za kuchomelea hazina kibati. Hapo namwomba mchomeleaji anikatie bati bapa la chuma, upana wa vidole viwili, unene wa milimita 3, alichomelee chini ya ncha ya keria likitazama nyuma, si juu. Likiwa juu, kamba za mzigo zitalikamata na gunia litalipinda. Likiwa chini, keria yenyewe inakuwa kofia ya taa. Kisha toboa matundu mawili, paka rangi yasile kutu, funga. Tundu moja halitoshi, kwa sababu taa ya bolti moja inazunguka taratibu na baada ya mwezi inamulika gurudumu.

Bomba la siti ni jembamba kuliko klempu ya taa, yaani kile kishikio chake. Nifanyeje?

Baiskeli nyingi mpya zina bomba la milimita 27.2 au nene zaidi, na klempu za taa hutengenezwa kwa ajili yake. Baiskeli za zamani za chuma zina bomba jembamba, mara nyingi milimita 25.4 au chini ya hapo. Usiijaze nafasi kwa karatasi wala kitambaa, vikiloa vinalegea. Kata ukanda wa tyubu kuukuu, futa grisi na vumbi kwenye bomba, zungusha mara moja au mbili mpaka klempu ifunge kwa ugumu kidogo. Mpira unaziba nafasi, na pia unashika bomba taa isiteleze ikageuka. Ukanda usipishane zaidi upande mmoja, la sivyo klempu itakaa kombo.

Na kwenye madigadi?

Inawezekana kama madigadi ni ya chuma na vishikio vyake vimekaza. Ya plastiki inatikisika mno. Taa itacheza mpaka tundu lipanuke na kuchanika. Weka washa kubwa upande wa ndani, na bolti iwe fupi: ncha ndefu ikigusa tairi utasikia mluzi, na tyubu haitamaliza wiki.

Kebo tai je? Waya? Gundi?

Kebo tai, vile vikamba vya plastiki vyenye meno, ni vizuri kwa kazi ya muda. Nunua vyeusi vipana. Vyeupe vinaharibiwa na jua haraka na kukatika bila onyo. Tumia viwili vilivyopishana kama alama ya kuzidisha, kwa sababu kimoja huruhusu taa kuzunguka.

Waya wa kufungia hushika vizuri lakini hukata: unasugua plastiki ya klempu na rangi ya fremu mpaka kutu iingie. Kama huna kingine, uvalishe bomba la plastiki kwanza.

Gundi sikushauri kabisa. Fremu ina vumbi na grisi, mtikisiko hauishi, na ikishika kweli utashindwa kubadilisha betri.

Kitu ambacho watu hawakifikirii ni klipu ya paipu, ile bangili ya chuma yenye skrubu ubavuni ambayo mafundi bomba na makanika hutumia. Ni ya bei ndogo, haiogopi jua, na unaikaza kwa bisibisi. Nimefunga taa nyingi kwenye mabomba ya keria kwa klipu hizi juu ya kipande cha tyubu, na zinarudi kwangu kwa ajili ya betri tu.

Nati inalegea kila wiki. Tatizo ni langu?

Ni la barabara. Vile vituta vidogo vilivyojipanga kama ubao wa kufulia vinaitikisa nati mara maelfu kwa safari moja. Kama umeshatumia nati ya nailoni na bado inalegea, nati imechoka. Zikishafunguliwa mara nyingi hazishiki tena, weka mpya. Pasipo nati ya nailoni, tumia nati mbili, ya pili ikikazwa juu ya ya kwanza huku umeizuia ile ya chini kwa spana.

Kisha chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaopita juu ya nati na kushuka kwenye chuma. Asubuhi ukiona mstari umekatika, nati imezunguka. Huna haja ya kugusa chochote, unatazama tu.

Taa itazame wapi?

Nyuma moja kwa moja, sambamba na ardhi. Taa hizi ndogo zina mwanga mkali katikati na hafifu pembeni. Ikiinama kidogo tu, ule mwanga mkali unaangukia lami nyuma yako, na dereva anapata mabaki. Bomba la siti lina mlalo, kwa hiyo taa iliyofungwa hapo bila kurekebishwa huwa inatazama chini. Simamisha baiskeli, rudi nyuma hatua 50, chuchumaa mpaka macho yawe kwenye urefu wa dereva wa gari dogo. Kisha simama wima. Kote uione kali.

Nitajuaje kama imeshika?

Inua gurudumu la nyuma kiasi cha shubiri moja, liachie lianguke. Rudia mara kumi. Sikiliza: mlio wa chuma kwa chuma ni kitu kilicholegea. Kisha isukume taa kwa kidole gumba juu, chini, kushoto, kulia. Ikiyumba yenyewe kwenye klempu, kaza. Ikiyumba pamoja na keria, kaza keria kwanza, maana nimeona wengi wanalaumu taa kumbe bolti za keria ndizo zilizolegea. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, kaza tena. Mpira na rangi vimejibana, na nafasi imetokea.

## Mzigo na abiria

Nabeba mkaa. Gunia linafunika kila kitu mpaka karibu na gurudumu. Taa niweke wapi?

Weka mbili. Moja iwe ya kudumu, chini: kwenye bati lililochomelewa kama nilivyoeleza kwenye swali la keria, lakini likirefushwa nyuma sentimita 10 hadi 15 lipite mgongo wa gunia. Lisizidi hapo, litawakwangua watu miguu sokoni. Ya pili iwe ya kuhama, kwenye gunia lenyewe. Kata ukanda wa tyubu wa kuzunguka gunia lote, toboa, funga taa juu yake kwa bolti ndogo na washa kubwa mbili. Ukishapakia na kukaza kamba zako, zungusha ukanda juu ya kamba zote, ukaze, taa ikae katikati ya mgongo wa gunia. Ukishusha mzigo, ukanda unaingia mfukoni.

Usichomeke klipu ya taa kwenye nyuzi za gunia. Gunia linajikunja na kujipanga upya njiani, taa inalala ikitazama angani.

Na kama una uwezo wa taa moja tu, nunua ya kuhama. Baiskeli ikiwa tupu, ukanda ule ule unauzungushia keria.

Mikungu ya ndizi inaning'inia pande zote. Inakuwa sawa na mkaa?

Karibu sawa, ila mkungu una faida moja: mkono wake, yaani lile shina linalochomoza. Panga mikungu ya nyuma mikono itazame nyuma, na ufunge taa kwenye mkono mmoja imara kwa ukanda wa tyubu. Funga kwenye shina la mkono, kamwe si kwenye kidole cha ndizi. Utomvu unafanya ukioo wa taa kuwa mweusi. Ufute kabla haujakauka.

Mitungi ya maji na ya maziwa?

Mitungi ya lita 20 ikiwa miwili pembeni huacha nafasi katikati, na taa ya ncha ya keria inaonekana vizuri kutoka nyuma moja kwa moja. Tatizo ni konani, pale dereva anapokutazama kwa mshazari na mtungi unaziba. Bandika utepe mwekundu wa rifleta, ule wa malori, kwenye mgongo wa kila mtungi. Osha na ukaushe mtungi kwanza. Maziwa hutoka nyumbani alfajiri kabla ya jua, na huo ni wakati madereva waliosafiri usiku kucha macho yao yamechoka.

Nabeba abiria. Nguo zao zinafunika taa.

Hasa mama aliyevaa gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, akikaa upande. Kitambaa kinashuka kwenye keria, na taa iliyo kwenye ncha inageuka wekundu hafifu ndani ya nguo. Mwombe kwa heshima akusanye nguo mapajani kabla hujaondoka: "Mama, tukusanye nguo isishikwe na spoki." Ni kweli kwa spoki na ni kweli kwa taa, na hakuna mama niliyemwona akikataa. Kisha taa yako iwe chini ya kiti cha abiria, kwenye bati la kuchomelea, si kwenye mgongo wa kiti.

Si rahisi zaidi nivae taa mgongoni au kwenye helmeti?

Kama nyongeza, vizuri sana. Kama taa pekee, hapana. Ukiinama kupanda mlima inatazama angani, ukivaa koti la mvua imefichwa, na ukimwazima ndugu yako baiskeli, taa imebaki na wewe.

## Umeme, mvua na wizi

Betri za kubadilisha au za kuchaji?

Kwa anayekaa penye umeme au sola ya nyumbani, ya kuchaji kwa waya wa simu inaokoa pesa. Ichaji usiku huo huo unaporudi, siyo inapokufa. Kwa anayelala safarini, chagua ya betri ndogo za volti 1.5, kwa sababu zinapatikana hata kwenye duka la kijijini. Zile za bei ya chini kabisa za zinki na kaboni huvuja zikiishiwa, na majimaji yake yanakula visahani vya shaba. Ukiiweka taa bila kuitumia kwa wiki, zitoe.

Mtikisiko nao unazirusha betri zikaachana na springi, taa inazima kila unapopita shimo. Vuta springi kidogo irefuke, au kunja karatasi ngumu uisukumie ubavuni mwa betri zisicheze.

Nina dainamo ya zamani. Inaweza kuwasha taa ya nyuma?

Inaweza, na mimi naipenda kwa kuwa haihitaji kununuliwa betri. Dainamo za kawaida ni za volti 6 na wati 3: wati 2.4 mbele, 0.6 nyuma. Waya mmoja unakwenda kwenye taa, na umeme unarudi kupitia fremu. Kwa hiyo pale bolti ya taa inapogusa fremu, kwangua rangi mpaka uone chuma king'aacho. Hapa usiweke kipande cha tyubu, utakata njia ya umeme. Waya upitishe chini ya bomba na uufunge kila shubiri moja, usining'inie karibu na spoki.

Jua pia kwamba balbu ya mbele ikiungua, umeme wote unakimbilia ya nyuma nayo inaungua muda si mrefu. Na ukisimama, inazima. Kwa sababu hiyo, mwenye dainamo bado anahitaji rifleta safi.

Mvua za Machi hadi Mei zinaiua taa yangu kila mwaka.

Tazama alama kwenye boksi. IPX4 maana yake inastahimili maji ya kurushiwa. IP67 inastahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, na vumbi haliingii. Nunua ya IP67 ukiweza. Kwa uliyo nayo, hakikisha kile kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kinatazama chini unapoifunga, na mshono wa taa yenyewe uupake silikoni nyembamba. Usizibe kijitundu cha chini kama kipo. Kimewekwa ili maji yatoke.

Iwake mfululizo au iwe ya kuwakawaka?

Ya kuwakawaka huvuta jicho haraka na hula betri kidogo. Lakini gizani dereva hupata taabu kupima umbali wako kwa mwanga unaokuja na kuondoka. Barabara kuu usiku naweka ya mfululizo. Jioni bado kuna mwanga, au mjini penye taa nyingi, naweka ya kuwakawaka. Ukiwa na mbili, iache moja mfululizo.

Nikiifunga kwa bolti wataiiba. Nikiifunga kwa klipu nitaisahau.

Bolti yenye nati ya nailoni inahitaji spana mbili na dakika kadhaa. Mwizi wa sokoni hana muda huo, huchukua ya klipu. Wengine wanaharibu kichwa cha skrubu kwa tupa, lakini kumbuka siku utakayotaka kuibadilisha. Ya klipu, ukishuka tu, ichomoe pamoja na kufunga kufuli, iwe tendo moja.

## Ya nadra

Fremu yangu ni ya kaboni, nimeletewa kutoka Ulaya.

Usitumie klipu ya paipu wala kukaza chuma juu ya kaboni. Mkanda wa mpira uliobadilishwa mara kwa mara, pamoja na kamba ya akiba.

Navuta kigari nyuma ya baiskeli.

Taa iwe kwenye kigari, kwenye ukingo wa kulia wa nyuma, na rifleta kila kona. Ya baiskeli haihesabiki, imefichwa.

Kabale asubuhi kuna ukungu mzito. Taa moja inafaa?

Washa hata kama ni saa mbili asubuhi, na futa ukioo kila baada ya muda kwa sababu matone yanatawanya mwanga. Ukungu hukaa mabondeni. Ukishuka kilima unaingia ndani yake ghafla, na gari lililo nyuma nalo linaingia vivyo hivyo.

Mzigo ukiwa mzito, mlimani tunashuka na kusukuma. Mwenzangu anasukuma kwa nyuma.

Basi mgongo wake umefunika taa zako zote mbili. Hapo ndipo ukanda wa tyubu wa kwenye gunia unapoonyesha kazi yake nyingine: mvalishe mwenzako, ukatize begani na kifuani kama mkoba, taa ikae kati ya mabega. Naye asukume kutoka upande wa kushoto wa keria, karibu na ukingo wa barabara, ili ile taa ya chini ibaki wazi upande wa kulia. Mkifika juu, airudishe kwenye gunia kabla hamjaanza kuteremka.